Mjukuu wa Plastiki

Nyumba yetu ya Ruhuwiko ilikuwa na kioo kikubwa sebuleni lakini haikuwa na televisheni, na jambo hilo lilitukosanisha na mtaa mzima.

Kioo kilikuwa cha kompyuta. Mume wangu, mwalimu wa hesabu wa sekondari, aliinunua kwenye ofisi moja iliyokuwa inafungwa. Ilikuwa miaka ile mashirika yakiuzwa na vitu vya ofisini vikimwagika mitaani pamoja na mitumba, redio za Dubai na sabuni za kila rangi. Mimi nilisomea uhazili, basi nikawa nachapa mitihani ya mume wangu na kadi za harusi za watu. Lakini jirani akipita dirishani akakiona kile kioo, hakuwa na shaka ameona televisheni. Tukimwambia hii haioneshi taarifa ya habari, alitutazama kwa huruma. "Haya, kila mtu na chake," alisema, akaenda zake. Nikajua tumeshahesabiwa kuwa wachoyo.

Mimi uchoyo siuwezi hata wa kusingiziwa. Nina hasira za karibu, na kwa wiki kadhaa niliwasha kompyuta makusudi dirisha likiwa wazi, ili watu waje waone mtihani wa kidato cha pili na waridhike. Walikuja kweli. Wakakaa kwenye mkeka, wakatazama mtihani, wakasubiri filamu ianze.

Mambo yalikuwa hivyo mama mkwe alipohamia kwetu Kwaresima ile, akitokea Matogoro. Alikuja na ungo, debe la maharage na huzuni ambayo hakutaka mtu aiguse. Alikuwa ametoka kumzika rafiki yake. Hao wawili mashamba yao yalipakana chini ya vilima, walipata komunio ya kwanza siku moja, na tangu usichana wao walisimama bega kwa bega kwenye kwaya ya parokia, sauti ya pili. Watu waliwaita mapacha, ingawa mmoja alikuwa mrefu na mwembamba na mwingine, yaani mama mkwe wangu, alikuwa mfupi na wa kujaa kitini.

Ugonjwa ulimchukua yule rafiki haraka, na picha yake iliyobaki ilikuwa moja tu, ile ya kitambulisho. Humo amekunja uso kana kwamba mpiga picha amemkanyaga. Mama mkwe aliitazama siku ya msiba, akairudisha kwa wenyewe. "Huyu mimi simjui," alisema.

Kisha siku moja mwalimu wa kwaya alifika kwetu, amevaa koti lake la kahawia ambalo hakulivua hata jua likiwaka. "Tumsifu Yesu Kristo," alisema mlangoni, na kabla hatujamaliza kuitikia milele amina alikuwa ameshatoa habari. Kabla ya Kwaresima kwaya yao ilisafiri hadi Dar es Salaam, ikarekodiwa nyimbo na kituo kimoja cha televisheni. Sasa wamepewa taarifa kwamba wimbo wao wa Pasaka utaoneshwa Jumatatu ya Pasaka, mchana.

Mama mkwe aliweka chini bakuli la chai. "Mule ndani anacheka," alisema.

Hatukumwelewa, ikabidi atueleze. Katika wimbo ule wa Pasaka, sauti ya nne, wanaume wa sauti nzito, huimba aleluya peke yao, ndefu, na wanawake hungoja wamalize ndipo waingie. Rafiki yake hakuwahi kuweza kungoja. Miaka yote aliwahi, akaingia kabla ya wenzake. Mwalimu wa kwaya alimkemea mazoezini, akamkemea sakristia, safari moja alimhamishia nyuma kabisa, na bado aliwahi. Hata Dar es Salaam, mbele ya kamera, aliwahi. Akajifunika mdomo, akacheka, na mwenye kamera akawaambia waendelee hivyo hivyo.

"Ni kweli," mwalimu wa kwaya alisema kwa uchungu wa mtu aliyeaibishwa mbele ya taifa.

"Nataka nimwone anacheka," mama mkwe alisema. "Na kesho yake nimwone tena. Na kesho kutwa. Sura yake inaanza kunitoka, mwanangu. Nikifumba macho naiona ile ya kitambulisho."

Alisema hivyo akinitazama mimi, si mwanawe. Tangu dakika ile nilijua kwamba Jumatatu ya Pasaka isipofanikiwa katika nyumba ile, sitapata usingizi.

Mtaani kwetu televisheni ya kweli ilikuwa moja, ya jirani wa ng'ambo ya barabara, mfanyabiashara wa korosho kutoka Tunduru. Baa nayo ilikuwa na yake, lakini wanakwaya hawawezi kwenda kujitazama baa siku ya Pasaka. Isitoshe, televisheni inaonesha mara moja, ikishapita imepita, na deki za watu wetu zilikuwa za kuchezesha kanda tu, hazirekodi. Ndipo mume wangu alipokohoa. Alikuwa na tabia ya kukohoa kabla ya kutoa jibu la hesabu.

"Kuna kadi," alisema. "Inachomekwa ndani ya kompyuta, unaunga waya wa antena, kompyuta inakuwa televisheni. Na inarekodi. Unarudia kutazama mpaka uchoke."

Niliruka juu. Kwa mara moja tutampa mama rafiki yake na kuufunga mdomo mtaa mzima!

Tulikwenda wote watatu kwenye duka la vifaa vya umeme karibu na soko kuu. Muuzaji alikuwa mtu wa makamo, kalamu sikioni, anayeuza pasi, redio na betri na kuapa kwa kila kimoja.

"Shikamoo mama," alimwamkia mama mkwe.

"Marahaba. Tunataka televisheni ya kutia tumboni mwa kompyuta," mama mkwe alisema kabla mume wangu hajafungua kinywa.

Kadi zilikuwa mbili. Ya kwanza ilitoka kwenye mfuko wa plastiki, tupu, ya kijani, ina vumbi pembeni. Muuzaji alisema ilikuwa kwenye kompyuta ya ofisi ya hapa hapa mjini na ilifanya kazi vizuri. Ya pili ilikuwa ndani ya boksi linalong'aa, na juu ya boksi familia ya Wazungu imekaa kwenye kochi jeupe, wote wanacheka, hata mbwa. Tena ilikuwa na rimoti.

Mume wangu alishika ile ya mfuko, akaigeuza geuza, akaridhika. Kisha akasoma ubavu wa boksi kwa muda mrefu. "Hapa wameorodhesha nchi ilizotengenezewa," alisema. "Yetu siioni."

"Mwalimu," muuzaji alisema, "mawimbi ni mawimbi. Hayana pasipoti."

Mama mkwe hakuwa anawasikiliza. Ameshaichukua rimoti, ameipima uzito kiganjani, ameielekeza kwenye pasi, kwenye feni, kwenye uso wa muuzaji. Lazima nieleze hapa kwamba kwao mtu mzima akishakaa amekaa. Hainuki kufuata maji, hainuki kuongeza sauti ya redio, anamtuma mtoto. Na nyumba yetu haikuwa na mtoto.

"Nikitaka kubadilisha nitamtuma nani?" aliuliza, duka zima likisikia. "Mmeoana, tumekula pilau, tumecheza, hadi leo sioni mtu wa kumtuma. Basi ngoja nijichukulie mwenyewe." Akaiinua rimoti juu. "Mjukuu wangu huyu hapa."

Duka likaangua kicheko. Muuzaji aliegemea rafu, wateja wakampongeza mama kwa kupata mjukuu, mtu mmoja akauliza amefanana na nani. Mume wangu alitazama dari. Mimi nilicheka mpaka nikashikilia friji isianguke, au mimi nisianguke. Mume wangu alikuwa na uwezo wa kubishana na kitabu cha hesabu ukurasa kwa ukurasa, lakini na mama yake hakuweza. Tukatoka na boksi linalong'aa, na mjukuu amebebwa kifuani.

Antena tulipewa na jirani wa korosho. Alikuwa anaondoka kwenda kwao Nalasi, anachukua televisheni na deki akawaoneshe ndugu zake kanda ya harusi ya bintiye. Antena aliiacha imesimama juu ya mwanzi uani kwake, maana huko aendako hakukuwa na mawimbi ya kunasa. "Ungeni waya tu," alituambia. "Jirani ni ndugu. Mwenyezi Mungu akipenda nitaikuta imesimama." Tukavusha waya juu ya barabara, tukaupitisha dirishani.

Mume wangu alifungua kompyuta kwa bisibisi, akapuliza vumbi, akaichomeka kadi huku ameshikilia pumzi. Akawasha. Kwanza chenga tupu, nyeupe na nyeusi. Kisha chenga zikasogea, zikajikusanya, akatokea mwanamume mwenye tai akizungumza na sisi kwa heshima kubwa.

"Si tulisema!" sauti ilipaa dirishani. "Si tulisema ni televisheni!" Sikujua wamejaa pale tangu lini. Walifurahi kuliko sisi, kwa sababu walikuwa wameshinda kesi.

Yule mwenye tai aliendelea kuzungumza, lakini hakutoa sauti. Kompyuta ilitoa mvumo tu, shhhh, kama mahindi yanamwagwa ghalani. Tulibonyeza kila kitu. Mama mkwe alibonyeza mjukuu wake kila mahali pa kubonyezeka. Mume wangu alisoma kijitabu mbele na nyuma, akakohoa.

"Sauti inasafiri pembeni kidogo ya picha," alisema. "Huo upembeni haufanani nchi zote. Sauti yetu inapita mlangoni, na hii kadi imekaa dirishani inaingoja."

Nilivaa kanga yangu nikashuka mjini kwa miguu, maneno yote niliyokusudia kumwambia muuzaji nikiyapanga njiani. Niliyasema pia. Alinisikiliza kwa upole, akaapa hakujua, akakubali kubadilisha. Shida ni kwamba ile ya mfuko ilikuwa imeshanunuliwa, na nyingine ikiagizwa Dar es Salaam haitafika kabla ya Pasaka. Nikarudi nyumbani nimenuna, natamani kumrushia mtu kitu. Nilimwambia mama mkwe kwamba tumekwama.

"Sura inaonekana?" aliuliza.

"Inaonekana, mama."

"Basi tumekwama wapi? Sauti yake ninayo mimi. Nimeisikia tangu nina meno ya utoto. Hiyo haiendi popote." Akarudi kwenye ufumaji wake.

Ufumaji wenyewe ndio ulioleta balaa la pili. Kochi letu lilikuwa na kitambaa, meza ina kitambaa, redio ina kitambaa, hata mtungi una kitambaa. Kitu cha heshima sebuleni hakikai wazi. Mama mkwe, kwa shukrani, alikuwa anaifumia kompyuta vazi zito la uzi mweupe na maua mekundu, linalofunika boksi lote hadi chini. Aliivisha siku ya Alhamisi Kuu. Kompyuta ikapendeza kama mtoto wa komunio, na baada ya muda mfupi ikazima.

Tukaiwasha, ikazima. Nikailaani kadi. Mume wangu akaulaumu umeme wa jenereta za mjini. Jirani mmoja aliyekuwa dirishani akasema ni jicho la watu, akiwa amesahau kwamba watu wenyewe ni yeye. Mwishowe mume wangu alilivua lile vazi, akaweka kiganja juu ya bati, akakitoa haraka.

"Mama, inapumua kwa nyuma. Imekosa hewa."

"Sasa mbona hamkuniambia?" mama mkwe alifoka. "Nilidhani mmeiacha uchi kwa uvivu!"

Alilifumua lile vazi lote bila kinyongo. Kwa uzi uliobaki akamfumia mjukuu wake kisweta, chenye matundu ya vitufe, na pindo la bluu kwa sababu aliamua ni wa kiume. Jumamosi ile rimoti ilikuwa ndiyo mtu aliyevaa vizuri kuliko wote nyumbani kwetu.

Jumatatu ya Pasaka wanakwaya walikuja na sare zao. Sikuwa nimealika kwaya nzima. Nilimwalika mwalimu wa kwaya tu, lakini hapa kwetu ukialika mmoja umealika wote. Walikaa kochini, kwenye mikono ya kochi, mkekani, juu ya debe la maharage. Majirani walijaa madirishani mpaka mwanga ukapungua. Sauti ya nne walisimama ukutani kwa kukosa pa kukaa. Joto likapanda, na mume wangu akaanza kuitazama kompyuta kwa wasiwasi.

Alifungua ubavu wake wote, matumbo yakawa nje. Feni ya ndani ilikuwa inaguna. "Ikizima katikati, hatutapata kitu," alisema polepole, na nilimwona mama mkwe akishika rimoti kwa mikono miwili. Basi nikachukua ungo wake, nikapiga magoti kando ya kompyuta, nikaanza kupepea. Mhazili mzima, mwenye cheti, napepea kompyuta kwa ungo mbele ya parokia! Nilipepea kwa nguvu zangu zote na nilikuwa na furaha ambayo sijui niifananishe na nini.

Wakatokea. Safu ya kwanza, ya pili, sare zile zile zilizokuwa sebuleni kwangu. Mume wangu akabonyeza kitufe cha kurekodi. Nyumba ikalipuka. "Mimi huyo!" "Mbona nimenenepa hivi?" "Nani alisimama mbele yangu, ni wewe!" Kisha kamera ikasogea, na katika safu ya pili alikuwepo mama mkwe wangu, mfupi, na pembeni yake mwanamke mrefu mwembamba aliyenyoosha shingo kama anayetaka kuona kitu kilichoko mbele. Kelele zote zikakoma.

Mwalimu wa kwaya wa kwenye kioo aliinua mkono. Mwalimu wa kwaya wa sebuleni, na koti lake la kahawia, naye akainua mkono. Sidhani alikusudia, ni mazoea ya mkono. Ulipoteremka, kwaya ikaimba. Kule ndani walifungua vinywa kimya, na hapa ndani sauti zikajaa mpaka bati la paa likatetemeka. Majirani walipiga makofi. Mimi nilipepea. Kuna mahali walichelewa, kuna mahali walitangulia, wakacheka wakaendelea, na mwalimu wao akihangaika kujifuata mwenyewe.

Sauti ya nne wakafika kwenye aleluya yao, wamesimama ukutani, wakaivuta. Wanawake wakanyamaza kungoja, kama walivyofundishwa. Kwenye kioo yule mrefu akavuta pumzi. Nilimwona. Akafungua kinywa, kabla ya wakati, kabla kabisa.

Na sebuleni ikapanda sauti moja ya mwanamke, peke yake, juu ya aleluya ya wanaume. Mama mkwe hakuwahi kukosea wimbo ule maisha yake yote. Aliingia pale pale rafiki yake alipoingia, hakumwacha peke yake.

Yule mwanamke akashtuka, akajifunika mdomo kwa kiganja, akacheka hadi mabega yakatikisika. Mama mkwe wa kwenye kioo akampiga kiwiko cha ubavu. Mama mkwe wa sebuleni akacheka pia, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia tangu ahamie kwetu, kirefu, cha kisichana, machozi yanamtoka na hayafuti. Nililia huku nikipepea. Kwa kweli nilimpenda siku ile kama aliyenizaa.

Wimbo uliisha, kikatokea kipindi cha kilimo. "Imeingia!" mume wangu alipiga kelele. "Imeingia yote!" Watu wakakumbatiana kana kwamba ni Pasaka kwa mara ya pili.

Mama mkwe alinyoosha mkono kunionesha rimoti, ndani ya kisweta chake. "Mwanangu," aliniuliza, "huyu nimtume vipi anirudishe pale?"

Nilimwonesha kitufe. Alikibonyeza mwenyewe bila kuinuka, picha ikakimbia kinyumenyume, wanakwaya wakarudi mahali pao, mkono wa mwalimu ukapanda. Wakaimba tena. Sauti ya nne wakaivuta aleluya yao, yule mrefu akavuta pumzi, na safari hii wanawake wote waliwahi pamoja naye, kwa sababu mwalimu wa kwaya ndiye aliyewapa ishara.